Kuzimiwa, au Kuzima Wenyewe?

Umeme unaowasha taa za Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, huwa umeshatembea kilomita kama 120. Unatoka Bendera, kaskazini mwa mji, pale Mto Kyimbi unapoporomoka kutoka milimani. Kituo cha umeme kilichopo pale kina mitambo miwili tu, kila mmoja wa megawati 8.6, jumla megawati 17.2. Kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville. Usiku wa kuamkia 29 Juni 1965, waasi pamoja na Wakyuba waliokuja na Che Guevara waliishambulia kambi iliyokuwa ikikilinda. Walishindwa, na Wakyuba wanne walifia pale. Hata vita viliijua thamani ya maji yale.

Mitambo miwili, njia moja ndefu ya waya, na hakuna gridi ya jirani ya kuazima. Mtambo mmoja ukisimama, nusu ya umeme imekwenda. Ndiyo maana neno la umeme linalojulikana kuliko yote hapa, hata kwa mtoto wa chekechea, ni delestaji: mtaa huu unazimwa ili ule uwake.

Mjadala ufuatao nimeutunga mwenyewe kutokana na mabishano ya kila siku ya kando ya ziwa. Sauti ni nne. Yuko fundi mstaafu wa umeme, ambaye wote wanamwita Papa Fundi. Yuko mama anayeuza samaki na barafu. Yuko mwenye kinu cha kusaga mahindi na mihogo, na kijana anayefunga sola juu ya mapaa ya watu. Mimi naingilia pale ninaposhindwa kunyamaza. Wanabishania jambo moja: je, watu wenye friza, vinu, betri na paneli wanaweza kuusaidia umeme wa Bendera usiyumbe, badala ya kukaa wakisubiri kukatiwa? Wataalamu wanauita uwezo huo unyumbufu wa matumizi, na neno hilo tutalikuta likizua ugomvi.

Kijana wa Sola: Papa, tuanze na wewe uliyezeeka na mashine. Umeme ukiyumba, hasa ni kitu gani kinachoyumba?

Papa Fundi: Ni mapigo. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, ndiyo ile Hz 50 iliyoandikwa nyuma ya kila kifaa. Mapigo hayo yanatoka kwenye mtambo unaozungushwa na maji. Mji ukiwasha vitu vingi kuliko nguvu ya maji yanayosukuma, mtambo unaelemewa, mwendo unashuka, mapigo yanakuwa 49.5, kisha 49. Mji ukizima vitu vingi kwa mara moja, mtambo unakimbia kama baiskeli iliyokatika mnyororo. Huko kote ni hatari. Kinga inakata: ama inakata mtaa, ama inausimamisha mtambo wenyewe.

Mwenye Kinu: Si mfungue maji zaidi?

Papa Fundi: Hapo ndipo watu wengi hukosea. Maji yamo ndani ya bomba refu la chuma linaloteremka mlima. Ukifungua lango kwa ghafla, kani ya maji pale chini inashuka kwanza, ndipo ipande. Kwa sekunde chache unapata kinyume cha ulichokitaka. Kwa hiyo lango linafunguliwa kwa taratibu. Na mji hauna taratibu. Wewe ndugu yangu ukiwasha kinu, mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara tano, sita, hata saba ya ule wa kawaida. Vinu vitatu vikiwashwa kwa dakika moja kwenye kabini moja ya transfoma, taa za mtaa mzima zinafifia, na kule Bendera mwenzangu anaiona sindano ikitikisika.

Mwenye Kinu: Basi lawama imeshafika kwangu.

Papa Fundi: Si lawama, ndugu. Ni hesabu.

Kijana wa Sola: Na hesabu hiyo hiyo igeuze. Kitu kinachoweza kuuyumbisha umeme kwa kuwaka, kinaweza kuutuliza kwa kuzima. Maji yanahitaji sekunde kadhaa ili yaongezeke. Swichi haihitaji hata moja.

Mama wa Barafu: Mwanangu, usiseme swichi kama unasema jambo dogo. Mimi nina friza tatu. Swichi ikizimwa vibaya, nimelala na hasara.

Hapa nilimwomba Mama aeleze anavyofanya kazi, kwa sababu katika mabishano ya umeme watu wa namna yake hutajwa sana na huulizwa mara chache. Anajaza maji kwenye mifuko ya nailoni, anaifunga fundo, anaipanga ndani ya friza mifuko imelaliana kama matofali. Mifuko ya chini inaganda mwisho. Umeme ukikatika hafungui mfuniko, hata mteja akija na noti mkononi. Anatandika blanketi kuukuu juu ya friza, juu ya blanketi anaweka magunia mawili. Ukikatika asubuhi, jioni mifuko ya katikati bado ni migumu, na ukiigonga inalia kama jiwe.

Kijana wa Sola: Mnasikia? Ile ni betri. Hatuiiti hivyo kwa sababu haina waya mwekundu na mweusi, lakini inaweka akiba. Tani moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto linalolingana na takriban kilowati-saa 93. Mama anaweza kugandisha saa nane usiku, mji ukiwa umelala na maji ya Kyimbi yanapita bure, kisha azime friza kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne, saa ambazo kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi. Samaki wake hawatajua kama friza ilizimwa.

Mama wa Barafu: Samaki hawatajua, ila mimi nitajua. Saa nane usiku nani atahakikisha umeme upo? Nikizima jioni kwa ajili yenu, kisha usiku nao usije, nitauza nini asubuhi? Maji ya moto?

Papa Fundi: Mama amesema neno kubwa kuliko sisi wote. Unyumbufu unataka ahadi. Mtu hawezi kusogeza kazi yake kwenda saa asiyoiamini.

Mama wa Barafu: Tena kuna jambo ambalo watu wa umeme hawaliulizi. Barafu yangu inafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawatoki, maana samaki hawaifuati taa wakati ziwa lote lina mwanga. Siku hizo friza zangu ziko nusu, unaweza kuzizima hata mchana kutwa na nisikasirike. Mwezi ukifa, mitumbwi yote iko majini, migebuka na kuhe wanashuka pwani alfajiri, na kila mtu anataka barafu saa ile ile. Ukinizimia wiki hiyo, umeniua.

Sikuwahi kuona hilo katika mpango wowote wa umeme: gridi ambayo ratiba yake ya matumizi inasomwa mbinguni. Wahandisi wa Ulaya wanapanga kwa majira ya baridi na joto. Kalemie ingepaswa kupanga kwa mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kuna na kalenda ya pili. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na 2024 Tanzania ilitekeleza kwa upande wake. Miezi hiyo ndiyo mwanzo wa kiangazi, mito inaanza kupungua, na itaendelea kupungua mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo barafu inahitajika kidogo wakati ule ule ambapo Kyimbi inaanza kukosa nguvu. Anayepanga umeme bila kumuuliza muuza samaki anaipoteza zawadi hiyo.

Kijana wa Sola: Na taa zenyewe za wavuvi. Zamani zilikuwa za karabai, sasa nyingi ni za betri. Zinachajiwa saa ngapi?

Mama wa Barafu: Alasiri na jioni, kabla ya kutoka.

Kijana wa Sola: Yaani zinagongana na watu wanaorudi nyumbani. Zikichajiwa saa sita mchana, tena kwa paneli, Bendera haizihisi kabisa.

Mwenye Kinu: Kijana, unapanga maisha ya watu kama unapanga viti vya harusi. Mimi nitasema lililo moyoni. Neno hili unyumbufu nimelisikia, na kwangu mimi ni delestaji iliyovalishwa suti. Miaka yote tunakatiwa. Leo mnakuja kutuambia tukubali kukatiwa, tena tushukuru. Mkate hospitali? Mkate nyumba za wakubwa? Hapana, mnakuja kwa mwenye kinu.

Papa Fundi: Ana haki ya kusema hivyo.

Mwandishi: Ana haki, na naomba nisimame naye kidogo. Kalemie ina unyumbufu mwingi kuliko miji mingi ya dunia, ila unachukuliwa kwa nguvu. Mtaa ukizimwa saa moja jioni, watu 1,000 wameisaidia gridi kwa lazima: mmoja mashine ya kunyoa imemfia mkononi, mwingine ana chanjo ndani ya friji ya zahanati, mwingine mtoto wake anajiandaa na mtihani. Wote wamelipa. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyelipwa. Tofauti ninayoitafuta ni hii: mtu aambiwe mapema, akubali mwenyewe kitu gani kizimwe na kipi kisiguswe, na faranga yake ionekane kwenye mita. Delestaji inazima kabini nzima kwa sababu mkono wa mwenye swichi haufiki ndani ya nyumba. Ukiweza kuzima friza na kinu tu, zahanati inabaki inawaka.

Mwenye Kinu: Sawa. Na bei?

Kijana wa Sola: Kenya walifanya mwaka 2017, mwezi wa Desemba. Viwanda vilivyoongeza matumizi usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, vikauziwa umeme huo kwa nusu bei. Hakuna aliyezimiwa. Wenye viwanda wenyewe walipiga hesabu, wengine wakaongeza zamu za usiku.

Mwenye Kinu: Nusu bei nami nitasaga usiku. Lakini wateja wangu ni kina mama wanaokuja na beseni kichwani. Hawatembei saa saba usiku.

Mama wa Barafu: Unaweza kupokea mahindi jioni, ukapima, ukaandika jina, ukasaga usiku, wakachukua asubuhi.

Mwenye Kinu: Na wakisema unga umepungua?

Mama wa Barafu: Basi usage mbele ya mashahidi! Nyie wanaume mnapenda kutafuta sababu.

Wakacheka, lakini mwenye kinu alikuwa amegusa jambo la kweli. Unyumbufu si wa mashine peke yake, ni wa imani kati ya watu. Kusaga usiku kunadai mteja amwamini msagaji, na msagaji aliamini shirika la umeme.

Papa Fundi: Sasa niruhusuni mimi niwe mgumu kidogo. Tuseme vinu 30, kila kimoja kilowati 15. Vyote vikizima unapata kilowati 450. Mtambo mmoja wa Bendera ni kilowati 8,600. Mtambo ukisimama, vinu vyenu na barafu yenu ni ndoo moja mbele ya nyumba inayoungua. Kinachotakiwa ni chuma na shaba: mitambo itengenezwe, iongezwe. Mpango wa kuifikisha Bendera megawati 43 umetajwa tangu zamani. Kila mara tukianza kuzungumza frigo na paneli, wakubwa wanafurahi, kwa sababu wamepata kisingizio cha kutoijenga Bendera.

Kijana wa Sola: Papa, sisemi barafu ichukue nafasi ya mtambo. Nasema iuzuie mtambo usianguke kwa sababu ndogo. Mara ngapi mji mzima umezimika si kwa kukosa maji, bali kwa mtikisiko ambao lango halikuwahi kuufuata?

Papa Fundi: Mara nyingi. Sikatai.

Kijana wa Sola: Basi kwa mtikisiko ule kilowati 450 si kidogo, maana zinajibu kwanza. Na hazihitaji simu wala intaneti. Kuna kifaa kidogo unachokiweka kati ya friza na ukuta. Kazi yake ni kusikiliza mapigo. Yakishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, tuseme 49.5, kinazima. Yakipanda, kinawasha. Umeme wenyewe ndio unaobeba habari. Friza iliyo Kalemie inajua Bendera imechoka wakati ule ule Bendera inapochoka.

Papa Fundi: Inajua, ndiyo. Na friza 1,000 zinajua kwa pamoja, zinazima kwa pamoja, mtambo unapumua, mapigo yanapanda, zinawaka kwa pamoja, mtambo unaelemewa tena. Umetengeneza bembea. Hamjaona umeme ukirudi baada ya delestaji ndefu? Unawaka, unadumu dakika mbili, unazimika tena. Watu wanadhani tunawachezea. Sivyo. Mtaa ukikaa saa nane bila umeme, friji zote zimepoteza baridi yake, zote zina njaa. Kwa kawaida zinapokezana, hii inazunguka, ile imetulia. Baada ya giza zinaanza zote kwa mara moja, na mzigo unarudi mkubwa kuliko ulivyoondoka. Kinga inakata tena.

Mama wa Barafu: Ndiyo maana mimi umeme ukikatika nachomoa friza zote. Ukirudi siwashi. Naangalia taa ya jirani mpaka itulie, haitetemi tena, ndipo nawasha moja. Nakunywa chai. Nawasha ya pili. Iliwahi kuniungulia friza kwa haraka, sirudii.

Papa Fundi aligeuka akamtazama. Akamwambia kwamba alichokisema ni kile kile wanachofundishwa wahandisi: kurudisha mzigo kidogo kidogo, kwa kupishana. Kijana akasema kifaa chake nacho hufanywa hivyo, kila kimoja kinapewa muda wake wa kusubiri usiofanana na wa mwenzake. Kimoja sekunde 40, kingine dakika tatu, kingine saba. Mama hakuhitaji kifaa. Alihitaji friza moja iungue.

Papa Fundi: Nina la pili, na hili lina damu. Watu wanafunga jenereta na sola bila swichi ya kugeuzia. Waya wa nje umezimwa, fundi amepanda nguzo akiamini umekufa, na nyumbani mtu anawasha jenereta yake, umeme unarudi kinyumenyume kupitia transfoma, unapanda volti maelfu. Fundi anakufa juu ya nguzo. Kijana, kabla hujaniambia paneli zirudishe umeme kwenye gridi, niambie nani atakagua kila nyumba.

Kijana wa Sola: Hapo sibishani. Kibadilishi kizuri kinajizima chenyewe kikiona waya wa nje umekufa. Kibaya hakijizimi, na vibaya vinauzwa kwa wingi kwa sababu ni rahisi. Ndiyo maana mimi sianzi na kurudisha umeme. Naanza na kutochukua. Nyumba yenye paneli na betri, saa za jioni ijitenge, ijilishe yenyewe. Gridi inapata nafuu ile ile, na hakuna umeme unaorudi kumkuta fundi juu ya nguzo.

Kutochukua kwanza, kurudisha baadaye: naliona neno hili kuwa ndilo lililopevuka kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Linahitaji fedha kidogo na linaleta usalama mwingi.

Mwenye Kinu: Mmetaja betri. Lithiamu iko Manono, mkoa huu huu wetu, akiba miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mbona betri zinakuja kutoka ng'ambo?

Papa Fundi: Manono wenyewe walikuwa na umeme wa Piana Mwanga, uliojengwa kwa ajili ya migodi ya bati. Ulipokufa, mji ukakaa gizani.

Kijana wa Sola: Kisha 2018 wakapata kituo cha sola cha megawati 1, chenye betri. Jua la mchana linawasha taa za usiku. Mkoa wetu umeshaliona kwa macho, hatuzungumzi ndoto. Goma nako 2020 kampuni ya Nuru ilifungua kituo cha sola cha megawati 1.3.

Mwandishi: Na kaskazini huko kuna mfano mwingine unaonikosesha usingizi. Hifadhi ya Virunga walijenga vituo vya umeme wa maji: Matebe, kisha Luviro. Luviro ilipoanza kufua umeme, nyaya zilikuwa hazijawafikia wateja wa kutosha. Maji yanapita, umeme hauna wa kuula. Kuanzia 2020 wakaweka makontena yenye kompyuta za kuchimba bitcoin pale pale. Kompyuta hizo ni mzigo mnyenyekevu: ukiziwasha zinakula ziada, ukitaka umeme kwa watu unazizima mara moja, hazilalamiki, na fedha yake inalipia kazi za hifadhi.

Mama wa Barafu: Kompyuta zinakula umeme na vijiji vya jirani viko gizani?

Mwandishi: Ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu waya ulikuwa haujafika. Siwalaumu, umeme usiotumika haugandi ukasubiri. Lakini kwa Kalemie siiombei njia ile. Sisi waya umefika. Mzigo wetu wa kula ziada ya usiku uwe barafu, uwe unga, uwe maji ya REGIDESO, shirika la maji. Kupandisha mita 100 za ujazo za maji hadi tangi lililo mita 30 juu kunakula takriban kilowati-saa 14, na pampu haijali kama ni saa tisa usiku au saa moja jioni, mradi tangi lina ukubwa wa kutosha na halivuji. Tangi lililojaa alfajiri ni akiba ya umeme iliyofichwa ndani ya maji, na mji unaioga.

Papa Fundi: Pampu naikubali bila masharti. Mota kubwa, ziko chache, ziko mahali pamoja, mtu mmoja anaziwasha. Simu moja tu kutoka Bendera inatosha. Ukiniuliza wapi pa kuanzia, anza hapo, halafu barafu, halafu vinu. Nyumba za watu ziwe za mwisho.

Mwenye Kinu: Na wasio na mita? Nusu ya mtaa wangu wanalipa kwa kukisiwa, wengine wamejiunganishia kwa jirani. Mtu asiyepimwa utamlipaje kwa kuzima?

Hapo pakawa kimya kidogo. Ni swali ambalo halina jibu la haraka, na kwa kweli ndilo linalougeuza mpango wote. Bila mita, unyumbufu hauwezi kulipwa, na usiolipwa unarudi kuwa delestaji. Mita za kulipia kabla, zile watu wanazoziita kashipawa, zinaweza kupangiwa bei ya saa na saa. Sheria haizuii. Sheria namba 14/011 ya 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba katika sekta ya umeme ya Kongo, ikafungua mlango kwa wazalishaji wengine, ikaweka msimamizi, ARE, mwenye kazi ya kuangalia bei na haki za mteja. Miaka imepita. Mlango uko wazi na waliopita ni wachache.

Mama wa Barafu: Mimi sheria siijui. Naijua barafu. Niambieni Jumatatu: Mama, usiku wa leo saa nne mpaka alfajiri umeme upo, hauzimiki, na bei ni nusu. Mkisema mara nne na ikawa kweli mara nne, jioni nitazima friza zangu bila kuombwa.

Papa Fundi: Mara nne?

Mama wa Barafu: Mara nne. Ya tano nitawaletea na wenzangu wote wa sokoni.

Mimi nimesikia pande zote, na natoa uamuzi wangu. Papa Fundi ana haki kwamba Bendera lazima itengenezwe na kuongezwa, na asiyelisema hilo kwanza asisikilizwe anapohubiri paneli. Lakini kituo kikubwa kinachukua miaka, na hata kikija, gridi yenye mitambo mitano itayumba kama watumiaji wake wote wanawasha na kuzima bila kuona. Ninachokiomba ni kidogo, na nakiomba kwa shirika la umeme, SNEL, kwa ARE na kwa serikali ya mkoa wa Tanganyika. Chagueni laini moja tu ya mji, yenye pampu, friza na vinu. Iwekeeni mita. Itangazieni saa za uhakika za usiku kwa nusu bei, kwa mwezi mmoja wa samaki, tangu mwezi mwandamo hadi mwezi mwandamo. Muandike kila siku mtambo ulitikisika mara ngapi, na mtaa ulizimwa mara ngapi. Kisha muwaite watu wale wale wanne, fundi, mama, msagaji na kijana, muwasomee daftari lile mbele ya soko.